MILANGO YA UTAWA

 Twasema nanyi kutoka Nkoaranga, kwenye mteremko wa Mlima Meru, juu ya Usa River, mahali pa migomba na mibuni.

Jambo tunalotaka kulizungumza leo ni hili: mtu aweza kuwa wa shirika la kitawa la Kanisa Katoliki kwa njia ngapi? Huenda mtu akasema, "Nkoaranga ni misioni ya Kilutheri tangu mwaka 1902, mwalimu wa huko ana shughuli gani na watawa wa Kikatoliki?" Swali hilo ni la haki, nasi twalijibu. Kwanza, watu hawa ni jirani zetu. Wanafunzi wa uchungaji wa Kilutheri husomea Makumira, na karibu tu, Njiro ya Arusha, iko seminari ya Wamisionari wa Roho Mtakatifu. Watoto wetu huoana, wagonjwa wetu hulala katika wodi moja. Si adabu kukaa na jirani miaka mingi usijue mambo ya nyumba yake. Pili, sisi wenyewe tulikosa kwa sababu ya kutojua, na kosa letu lilimwumiza mtu. Hilo ndilo lililotushikisha kalamu.

Miaka kadhaa iliyopita, katika chuo cha ualimu tulichokuwa tukifundisha, alikuwako msichana mmoja mwenye akili na moyo mwema. Baba yake ni Mmeru, Mlutheri. Mama yake ni Mkatoliki wa Rombo, naye alibatizwa upande wa mama. Siku moja alitujia baada ya masomo, akasema, "Shikamoo Mwalimu. Nataka kumtumikia Mungu pamoja na masista, lakini sijui kama nitaweza kuishi bila kuzaa. Je, hakuna njia nyingine ya kuwa wao?" Sisi tulikuwa na rundo la madaftari ya kusahihisha, tukamjibu kwa haraka: "Binti, utawa ni kama mto wakati wa masika. Ama umevuka, ama umebaki ng'ambo hii. Hakuna anayesimama katikati."

Basi akavuka. Aliingia shirika moja, akakaa mwaka na nusu, kisha akarudi kwao. Lo! Maneno yaliyosemwa kijijini hayafai kurudiwa hapa. Wengine walisema amefukuzwa, wengine walisema ameshindwa, na wengine walinong'ona mambo mabaya zaidi. Alipokwenda mferejini kuteka maji, aliinamisha kichwa. Baba yake aliona aibu mbele ya wazee wa ukoo. Nasi, tuliokuwa mwalimu wake, tulinyamaza kimya.

Baadaye moyo ulitusuta. Tukamwendea padre mmoja na sista mmoja mzee, tukawauliza, tukasoma na sheria ya Kanisa lao iliyotolewa mwaka 1983. Ndipo tulipoona ya kuwa yale tuliyomwambia yule binti hayakuwa kweli, na yale waliyoyasema wanakijiji hayakuwa kweli pia. Utawa una milango mingi, na hata ule mlango mkubwa una vizingiti kadhaa, kimoja baada ya kingine. Haya sasa, tuitazame milango hiyo.

Yatupasa kwanza tutenganishe maneno mawili ambayo watu huyachanganya. Padre si lazima awe mtawa, wala mtawa si lazima awe padre. Mapadre wengi wa parokia zetu ni mapadre wa jimbo. Hao wako chini ya askofu, wala hawakuweka nadhiri za shirika lo lote. Mtawa ni mtu aliyeweka nadhiri tatu mbele ya Mungu na mbele ya shirika lake: ufukara, yaani kutokuwa na mali yake mwenyewe; usafi wa moyo, yaani kuishi bila ndoa; na utii, yaani kuwafuata wakubwa wake katika mambo ya utume. Masista ni watawa. Mabruda ni watawa. Mapadre wengine ni watawa, na wengine sivyo.

Mlango wa kwanza ndio wa zamani kuliko yote, nao ni mlango wa wamonaki. Mtakatifu Benedikto wa Italia, aliyezaliwa karibu na mwaka 480, aliandika Kanuni ambayo hata leo hufuatwa. Mmonaki hushikamana na nyumba moja, huahidi kudumu humo, na siku yake hugawanywa kati ya sala na kazi. Katika Tanzania, Wabenediktini walifika Peramiho mwaka 1898, na Ndanda mwaka 1906. Na huko Hanga, katika nchi ya Songea, kuna monasteri ya wamonaki Waafrika. Wako pia masista wanaokaa ndani ya ukuta, wasiotoka kwenda kufundisha wala kuuguza, bali kazi yao ni kuomba. Wengi huuliza, "Watu hao wana faida gani?" Kanisa lao lilijibu swali hilo mwaka 1927, lilipomtangaza Mtakatifu Teresia wa Lisieux, wa Ufaransa, kuwa mlinzi wa misioni. Msichana huyo aliingia Karmeli mwaka 1888 akiwa na miaka 15, akafa mwaka 1897 akiwa na miaka 24, wala hakupata kukanyaga nchi ya misioni hata mara moja. Hata hivyo amewekwa kuwa msaidizi wa wote wanaokwenda mbali.

Mlango wa pili ndio tuujuao zaidi sisi watu wa kaskazini: mlango wa mashirika ya kazi za kitume. Humo wamo wale Wamisionari wa Roho Mtakatifu, ambao shirika lao lilianzishwa Paris mwaka 1703 na kijana wa miaka 24, Claude Poullart des Places. Walifungua misioni ya Bagamoyo mwaka 1868, na mwaka 1890 wakafika Kilema katika Uchaga. Ndani ya shirika hilo moja wamo mapadre, na wamo mabruda ambao si mapadre. Bruda hasomi misa. Huenda akawa fundi seremala, mwashi, mkulima au mwalimu. Lakini nadhiri zake ni zile zile za padre. Wazee wetu walipomwona mzungu anayepiga randa pamoja na vijana, walidhani ni mtumishi wa mapadre. Sivyo. Alikuwa ndugu yao.

Humo humo yamo mashirika ya masista waliotoka katika nchi yetu wenyewe. Uganda walitangulia: shirika la Bannabikira lilianza mwaka 1910 kule Masaka. Na jirani zetu wa Kilimanjaro walipata shirika lao, Masista wa Bibi Yetu wa Kilimanjaro, mwaka 1931. Wasichana wa kwanza wa mashirika hayo walipata mateso kwa jamaa zao, maana katika desturi zetu mwanamke asiyezaa alikuwa kama mgomba usiotoa mkungu. Na mahari je? Ng'ombe wa mahari hawaji. Mzazi aliyemruhusu binti yake alitoa zawadi kubwa, na yafaa tumheshimu kwa hilo, hata kama dini yetu si ile yake.

Sasa twafika mahali tulipomkosea yule binti. Mtu haingii utawani kama mtu anayeruka mto kwa mara moja. Sikilizeni vizuri hatua zake.

Kwanza hukaa na shirika kwa muda wa kutazamana, yeye awatazame nao wamtazame. Kisha huingia unovisi. Sheria yakataza kumpokea asiyetimiza miaka 17, na yakataza kumpokea mtu ambaye ndoa yake ingalipo. Unovisi lazima uwe na miezi 12, wala usizidi miaka miwili. Katika muda huo mnovisi hana nadhiri yo yote. Sheria yasema wazi kwamba yu huru kuondoka, na shirika nalo lina uhuru wa kumrudisha. Kumbe yule binti wetu alikuwa bado katika unovisi! Hakuvunja neno lo lote, kwa kuwa hakuwa ameahidi neno lo lote. Unovisi umewekwa makusudi ili mtu ajipime. Akipima akaona mzigo si wake, akautua, ametenda yale yale ambayo unovisi uliwekewa.

Baada ya unovisi huja nadhiri za muda. Hizi si chini ya miaka mitatu, na kwa kawaida si zaidi ya sita. Zikiongezwa, jumla isipite miaka tisa. Muda ukiisha, mtu aweza kuondoka kwa amani, wala hana deni. Baada ya hayo tu ndipo huja nadhiri za daima, na hizo haziwekwi na mtu asiyetimiza miaka 21. Hapo ndipo penye ule mto tuliousema. Aliyeweka nadhiri za daima haachiliwi ila kwa sababu nzito sana na kwa ruhusa ya wakuu wa Kanisa. Hesabuni basi, wasikilizaji: kutoka siku ya kubisha hodi hata siku ya nadhiri za daima, mara nyingi hupita miaka sita, saba, au zaidi. Wangapi kati yetu tuliooa tulijipima muda mrefu hivyo?

Kabla hatujauacha mlango huu, tuseme neno moja juu ya Mapadre Weupe, walioanzishwa na Kardinali Lavigerie huko Algiers mwaka 1868, waliohubiri katika nchi za maziwa makuu. Watu wengi huwaita watawa. Kwa sheria sivyo hasa: wao huishi pamoja na kufanya kazi pamoja, lakini badala ya nadhiri hula kiapo cha kulitumikia shirika lao na utume wake. Mwaona jinsi ilivyo? Hata kati ya watu wanaovaa kanzu zinazofanana, vifungo vyao havifanani.

Mlango wa tatu ni wa watu wa nyumbani, na huu ndio tusioujua kabisa siku ile msichana alipotuuliza. Mtakatifu Fransisko wa Asizi alipata ruhusa ya Papa kwa ndugu zake mwaka 1209. Mwaka 1212 Mtakatifu Klara alianza utawa wa pili, wa wanawake. Lakini wakulima, wafanya biashara, waume na wake waliomsikia Fransisko akihubiri nao walitaka kumfuata. Wangefanyaje? Wavunje ndoa zao? Wawatupe watoto? Kwa ajili ya hao uliwekwa utawa wa tatu, na kanuni yao ya kwanza ni ya mwaka 1221. Watu hao hukaa katika nyumba zao, hulima mashamba yao, huoa na kuolewa. Hawaweki zile nadhiri tatu; wao huahidi kuishi Injili kwa jinsi ya Fransisko katika hali yao waliyo nayo: kwa kiasi, kwa amani na jirani, kwa sala na kwa kuwasaidia maskini. Hukutana na wenzao, wana viongozi wao, nao hufundishwa muda usiopungua mwaka kabla ya kuahidi. Na ahadi yao, wakiisha kuiweka, ni ya maisha yao yote. Si mchezo wala si chama cha kuvaa sare. Kanuni wanayoitumia leo walipewa na Papa Paulo wa Sita mwaka 1978.

Mlinzi wao mmoja ni Mtakatifu Elizabeti, binti wa mfalme wa Hungaria, aliyezaliwa mwaka 1207. Aliolewa na mtawala wa Thuringia katika Ujerumani, akawa na watoto. Mumewe alipokufa mwaka 1227, alijenga hospitali mjini Marburg, akawauguza wagonjwa kwa mikono yake mwenyewe hata alipokufa mwaka 1231. Ndugu zetu Walutheri watapendezwa kusikia kwamba nyumba yake ya ndoa ilikuwa ngome ya Wartburg. Miaka 300 baadaye, Martin Luther alifichwa ndani ya ngome hiyo hiyo, na humo akafasiri Agano Jipya kwa Kijerumani.

Mlango wa nne wafanana na wa tatu. Wabenediktini wana watu waitwao oblati, yaani waliojitoa. Oblati hushikamana na monasteri moja, huisoma Kanuni ya Benedikto, huahidi kuifuata roho yake awezavyo katika kazi zake, kisha hurudi nyumbani kwa mkewe na ng'ombe wake. Monasteri nyingine hupokea hata Wakristo wasio Wakatoliki. Na mashirika kadhaa, pamoja na lile la Roho Mtakatifu, yana walei washiriki, wanaosali na kufanya kazi pamoja na shirika bila kuwa watawa.

Na mwisho kuna njia isiyo na mlango. Twataka tumtaje mtu mmoja ambaye kila mwanafunzi wa Tanzania yafaa amjue: Adrian Atiman. Alizaliwa karibu na mwaka 1866 katika nchi za Mto Niger, huko Afrika ya Magharibi. Akiwa mtoto alitekwa akauzwa utumwani, akavushwa jangwa la Sahara, na huko Algeria Mapadre Weupe wakamkomboa kwa fedha. Wakampeleka Malta kusoma utabibu. Mwaka 1889 alifika Karema, kando ya Ziwa Tanganyika, akiwa mganga na katekista. Hakuweka nadhiri. Alioa, akazaa, na mwanawe alipata upadre. Aliwatibu watu wa Karema mpaka alipokufa mwaka 1956, miaka 67 tangu afike. Mapadre wangapi walikuja wakaenda katika miaka hiyo, yeye akabaki! Je, twaweza kusema mtu huyo alibaki ng'ambo ya mto? Nani atathubutu?

Huenda Mlutheri mwenzetu akauliza, "Lakini Luther hakuyakataa mambo haya?" Ni kweli, Luther aliingia utawa wa Mtakatifu Augustino mwaka 1505, baadaye akaandika kuzipinga nadhiri, na mwaka 1525 akamwoa Katharina von Bora, aliyekuwa mtawa. Alilokataa hasa ni mtu kudhani kwamba nadhiri humstahilisha wokovu, au kwamba mtawa ni bora mbele za Mungu kuliko mama anayeosha mtoto. Lakini maisha ya pamoja ya sala na utumishi hayakufa kwetu. Pale Moshi wako masista wa Kilutheri wa Ushirika wa Neema, ulioanza mwaka 1980. Basi jambo hili si la jirani peke yake.

Wasikilizaji, twataka tuwaachie mashauri machache. Ewe kijana, ukiona moyo wako wavutwa, usiulize tu, "Niingie au nisiingie?" Uliza: shirika hili hufanya kazi gani? Watu wake huishije? Hatua zake ni zipi, na kila hatua yanifunga kwa kitu gani? Je, naitwa kuishi bila ndoa, au naitwa kutumikia tu, kazi niwezayo kuifanya nikiwa na mke au mume? Usikimbilie utawani kwa kukwepa umaskini au ndoa usiyoipenda, maana utayakuta mambo yako yakikungoja ndani. Ewe mzazi, mtoto akikwambia neno hili, usimpige wala usimsukume. Nenda naye ukaone nyumba hiyo kwa macho yako. Na sisi walimu, tukiulizwa tusilolijua, tuseme, "Hatujui, tutauliza." Neno hilo halimshushii mwalimu heshima.

Na ninyi wanakijiji, akirudi mnovisi, mpokeeni kama mtoto aliyerudi safari. Msimwulize ametenda kosa gani.

Baada ya kujifunza hayo tulikwenda kwa yule binti. Tulimkuta migombani akikata majani ya ng'ombe. Tukamwomba radhi kwa jibu letu la haraka na kwa kunyamaza kwetu. Akakaa kimya kidogo, kisha akasema, "Mwalimu, mimi sikushindwa. Nilikwenda kuuliza, nikajibiwa. Kinachoniuma ni kwamba baba hawezi kunitazama." Basi tukaketi na baba yake jioni ile, tukamweleza yote kama tulivyowaeleza ninyi: miezi 12, nadhiri za muda, nadhiri za daima, na uhuru wa mnovisi. Mzee alisikiliza hata mwisho. Kisha akasema, "Mwalimu, maneno haya ungaliyasema siku ile mbele ya watu, binti yangu asingaliinamisha kichwa. Kuniambia mimi peke yangu usiku huu hakutoshi."

Tulikosa la kumjibu, kwa kuwa alisema kweli. Ndiyo sababu tumeyasema leo, mbele ya watu wote.